Sonara wa Ufukoni aliyekataa kuyeyusha dola ya 1799

Hana duka la barabarani. Hana lenzi ya kukuzia, wala kitabu cha sarafu, wala mtu wa kumuuliza. Shule aliiacha darasa la nne. Kiingereza alichonacho alikipata ukubwani, katika masomo ya jioni, mikono ikinuka mkaa. Na asubuhi hii ya Jumanne, Sudi Nassoro Mnali, sonara wa Ufukoni, Mtwara, mwenye miaka 63, hana hata muda.

Mkaa umeshika. Kikombe cha kuyeyushia kimekuwa chekundu. Mbele ya jiko amekaa Mwanahamisi Riziki wa Likombe, ambaye bintiye Hawa anaolewa Ijumaa. Ameleta sarafu ya fedha ya bibi yake, iliyoingia weusi, igeuzwe bangili ya bibi harusi.

Katika kazi hii mteja haondoki. Hukaa aone kwa macho yake fedha ikiingia motoni, kwa kuwa sonara anayesema "niachie, pitia kesho" huhesabiwa mwizi.

Sudi anapitisha kidole ukingoni mwa sarafu. Mkono unasimama. Kuna herufi zimechorwa pale. Anaigeuza kwenye mwanga: mwanamke mwenye nywele ndefu, nyota, 1799.

"Mama Hawa, hii siiyeyushi."

"Umeanza, Fundi."

"Ni dola ya Marekani. Ina zaidi ya miaka mia mbili."

"Bibi yangu alivuka Ruvuma pale Kilambo akitoka Msumbiji, mtoto mgongoni. Marekani kaijulia wapi?"

"Shuka la marekani lilitoka wapi? Wamarekani walioleta nguo ile walikuja na hela zao."

"Nirudishie mkononi."

Anamrudishia papo hapo. Mwanahamisi anaifumba kiganjani, na hamwondolei macho.

Kwa miaka 26 Sudi amekuwa akizitenga sarafu za namna hii. Baba yake, sonara pia, aliziyeyusha kwa uzito tu. Bangili moja humwachia kama shilingi 30,000, na ziko wiki hapati kazi hata moja. Hata hivyo amenunua nusu dola tisa za Marekani asizitie motoni. Kila moja ameifunga kwenye karatasi yenye jina la mwanamke aliyeileta.

"Ya kwanza niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama sufuria," anasema. "Nilidhani naiheshimu. Baadaye nikasoma gazetini kwamba nimeiharibu."

Habari hizo hazimtulizi Mwanahamisi. "Ukweni wameshaambiwa bangili inakuja. Ijumaa waone mkono mtupu?"

Sudi anafungua kisanduku, anatoa nusu dola mbili na kuziweka kwenye mizani. Anamwomba aiweke dola yake upande wa pili. Mizani inacheza, kisha inatulia.

"Uzito ule ule. Hizi ni zangu. Tazama zinavyoingia."

Zinaingia. Uso wa mwanamke wa kwenye sarafu unalainika, unazama. Sudi anatazama ukutani.

"Moja ni ile ya ndimu, nimeitambua," Mwanahamisi anasema. "Mjanja wewe."

"Moja ni hiyo. Nyingine ilikuwa safi. Zilikuwa tisa."

"Lakini Hawa atavaa fedha isiyo ya bibi."

"Ni ya bibi wa mtu. Ile safi aliniletea Celeste, wa kule Kilambo."

Fedha inapomiminwa, Mwanahamisi anauliza dola yake sasa ina kazi gani.

Sudi anavuta karatasi. Anawaandikia wataalamu wa makumbusho Dar es Salaam, awaulize kama ni ya kweli, na awaorodheshee nusu dola saba zilizobaki.

"Wakisema ni mali ya serikali?"

"Wanaweza kusema."

"Ukinyamaza nani atajua?"

"Nikinyamaza, nikifa wanangu watazipeleka motoni. Nataka ziwekwe hapa Mtwara, hata chumba kimoja, na kila sarafu iwe na jina la mama aliyeitunza."

Mwanahamisi anaomba asomewe barua. Anasikiliza mpaka mwisho.

"Jina langu litangulie. Dola ni yangu."

Sudi anaandika upya ukurasa mzima. Mwanahamisi anaweka sahihi, polepole. Saa sita wako posta. Sudi anakunja barua pamoja na alama ya dola aliyoichukua kwa kusugua penseli juu ya karatasi, anapaka bahasha gundi, anakandamiza kwa kiganja. Karani anagonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa Dar es Salaam.