Kujifunza Mikono Ukubwani

Kiwandani walimwita Kola, kwa sababu kazi yake ilikuwa kola za mashati ya sare, basi. Mwili wa shati ulishonwa meza ya nyuma, mikono meza ya kushoto, vifungo karibu na mlango. Yeye aliletewa vitambaa viwili vilivyokwishakatwa. Anavibana, anavishona, anavigeuza, anatupa kapuni, anachukua vingine. Alianza akiwa msichana. Sasa binti yake alikuwa ameolewa na ana watoto, na yeye bado alikuwa kwenye shingo za watu.

Jioni alirudi nyumbani macho mekundu, nyusi zimejaa vumbi la pamba. Mumewe, fundi mwashi, naye alirudi hoi, saruji imemkaukia vidoleni. Walikula bila maneno mengi. Si kwamba walikuwa wamegombana. Walikuwa wamechoka tu, kila mtu na uchovu wake.

Basi siku moja mama mkwe akaja kuwatembelea, na kitambaa cha maua kwapani.

"Mwanangu, nishonee gauni. Ya dukani yananibana."

Angekataaje? Mshonaji wa miaka yote hiyo! Alipokea kitambaa, akakitandaza sakafuni, akapiga magoti na mkasi mkononi, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Hakujua aanzie wapi. Kola angeishona amefumba macho, lakini mkono unavyoingia begani hajawahi kuufanya hata mara moja. Akakata hivyo hivyo, kwa kukisia.

Siku ya kujaribu, mama mkwe aliingiza kichwa vizuri, akaingiza mkono wa kulia, akakwama. Akabaki ameunyoosha juu kama mtu anayesimamisha gari.

"Mwanangu, kule kiwandani ulikuwa unashona nini?"

"Kola, mama."

"Na gauni langu halina kola!"

Wakacheka wote, hata mumewe aliyekuwa anasinzia akazinduka akacheka. Lakini Kola alipokwenda kuosha vyombo alishindwa kujizuia, machozi yakaingia kwenye maji ya sabuni. Hakulilia gauni. Alililia ule umri wote aliokuwa ameketi kwenye kiti kimoja.

Jirani na duka la viatu palikuwa na fundi wa nguo, mwanamke mdogo, wa umri wa binti yake, aliyeshonea barazani. Jumamosi moja alipotoka kazini mapema alimfuata pale barazani na lile gauni kwenye mfuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nataka unifundishe."

Fundi alimtazama. "Mama, wewe si unashona kiwandani? Nikufundishe nini tena?"

"Mikono."

Yule fundi hakucheka, na kwa hilo Kola alimshukuru moyoni. Alimvutia kiti tu, akalifumua gauni begani, akasema, "Haya, tuanze na uliyoyaharibu."

Usidhani mambo yalikuwa mepesi. Vidole vilikuwa vimezoea njia moja, havikutaka nyingine. Alishona mkono ndani nje, akafumua. Akashona wa kushoto kulia, akafumua tena. Siku zake za kupumzika ziliishia pale, mgongo ukawaka moto.

"Unajiua bure," mumewe alimwambia. "Umri huu, ya nini?"

"Kuchoka nachoka hata nikikaa, baba. Niache nichokee kitu ninachokitaka."

Jumamosi iliyofuata, aliporudi kutoka kwa fundi, alimkuta mumewe ameshapika. Wali ulikuwa umeungua chini na mbichi juu. Waliula wote.

Gauni lilipokwisha, mama mkwe alilivaa, akainua mikono yote miwili, akaishusha, akaenda nalo kwao bila kulivua. Jumatatu yake Kola alimwomba msimamizi amhamishie meza ya mikono.

"Nikikutoa pale, kola atashona nani?" msimamizi alisema, macho yakiwa kwenye simu. "Rudi kwenye mashine."

Alirudi. Aliendelea kurudi kila asubuhi kwa miezi kadhaa, maana kuacha kazi si kuvua viatu. Kisha akaaga. Hakukuwa na sherehe. Mwenzake wa meza ya vifungo alimkumbatia, na kabla hajafika getini alisikia mashine yake ikinguruma chini ya mguu wa mtu mwingine. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Sasa anashona pale barazani, cherehani yake ubavuni mwa ya yule fundi. Zipo wiki ambazo wateja hawaonekani, na zipo nguo zinazorudishwa kwa sababu kiuno kimepwaya. Siku nyingine huwakumbuka wenzake wa kiwandani na masimulizi yao mpaka anataka kwenda kuwachungulia. Miguu bado inavimba. Lakini mtu akija na kitambaa, anampima mwenyewe, anakata mwenyewe, na mteja akiondoka amevaa, humtazama mpaka akate kona.

Juzi mumewe alimpitia akitoka kazini. Alimkuta anamalizia pindo la sketi, akakaa kwenye benchi kumsubiri, na haikuchukua muda usingizi ukamchukua, kichwa ukutani, mdomo wazi. Fundi mdogo alitaka kumwamsha.

"Mwache," Kola akasema. "Leo wamemwaga zege." Akaendelea kushona polepole.