Gunia la Tatu Mbele ya Mama Naomi

Jamani, leo nimeangusha gunia la kahawa mbele ya mama wa Naomi, msichana ninayetaka kumwoa!

Ilikuwa siku ya kupima kahawa hapa Akheri. Nikajidai nitabeba magunia yao yote peke yangu.

La kwanza, sawa.
La pili, mkono ukaanza kuwaka moto kutoka kiwiko hadi kiganja.
La tatu, vidole vikaachia. Puu!

Kahawa yote kwenye nyasi. Hata Bwana Shamba, yule Mzungu wa serikali, akacheka.

Mama Naomi hakucheka.

Kwa woga nikasema, "Shikamoo mama." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi!

"Marahaba ya pili," akasema. "Mwanangu, unabana pembe za gunia kwa vidole kama umekamata jogoo. Likumbatie, uzito ukae kifuani."

Akalikumbatia la nne mwenyewe, akalifikisha kwenye mizani huku anaongea.

Nikafanya hivyo hivyo kwa la tano. Mkono uliuma, lakini lilifika!

Nikageuka kumshukuru. Akasema, "Jumapili baada ya ibada, walete wazee wako."

Saa hizi siwezi kushika hata kikombe, na nacheka peke yangu kama mwehu.

Nyie, nani ataniazima koti?