Firdausi ya Mama Hadijah

Mama Hadijah wa Matungu alikipa kibanda chake cha chai jina la Firdausi, ile pepo ya juu kabisa, jina alilolipenda tangu madrasa. Siku ya kwanza Ustadh Abdulfatah akaja kula andazi, kuni mbichi zikamtoa machozi, kuku akamdonoa kidole cha mguu.

"Mama, Firdausi gani ina moshi hivi? Futa hilo jina, watatucheka!"

Mama Hadijah akalitazama jina ukutani, hata rangi haijakauka. Akajibu kwa upole, "Ustadh, si unatufundishanga kwamba huko mtu haingiangi bila subira?"

Ustadh akacheka mpaka akakohoa. Mchoraji aliyeliandika akaitwa tena, ikawa "Njia ya Firdausi." Ustadh akaomba andazi lingine.