Stima Haimiminwi

Kitu cha kwanza ninachokumbuka maishani ni nyuki. Sura ya mama ilikuja baadaye. Nimebebwa mgongoni mwa nyanya huko Ukambani, naye ameegemeza sikio kwenye mzinga asikie kama umejaa, na nyuki mmoja akaniuma kwenye kope. Nyanya akanipaka mate, akasema anayeumwa na nyuki mapema hatakosa kazi. Nimekosa kazi mara nyingi sana, rafiki yangu, lakini hiyo tuiache.

Basi kutoka siku hiyo, mvumo wowote kwangu ulikuwa nyuki. Juu ya boma la nyanya ilipita milingoti mirefu ya chuma, ile inayotoa stima kwenye mabwawa ya mto Tana kuileta Nairobi, na asubuhi za umande nyaya zake zilivuma. Nikamuuliza nyanya ni nyuki gani wanaishi kule juu.

“Hao ni wa serikali,” akasema. “Asali yao inaliwa Nairobi.”

Nyumbani kwake alikuwa anawasha koroboi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, stima imepotea tangu asubuhi. Wajukuu wamelala tu, simu zimekufa, hawajali. Mimi siwezi kukaa. Nimetoka nje mara nne kuangalia posti ya stima, nimerudi, nimepapasa kila soketi ya nyumba, binti yangu ananiambia, “Baba, si ukae chini.” Nakaa. Nainuka tena. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nikikosea jambo la stima unisamehe. Kidogo ninachojua nilifundishwa na mtu mmoja wa mtaa wa Jericho, nilikokaa na wazazi nikiwa mtoto, na ni yeye hanipi utulivu.

Nyanya alihamia kwetu Jericho mwaka ule kideri kilimaliza kuku wake wote. Alikuja na mayai kumi na moja ndani ya kikapu cha pumba, na hayo ndiyo yalikuwa yamebaki ya kuku wa mama yake, na wa mama ya mama yake. Baba akapigilia sanduku la mbao, akaning'iniza balbu ndani, na nyanya akawa kuku mwenyewe. Aliyageuza asubuhi na jioni, akiyasemesha Kikamba. Nyumba nzima ilinuka pumba na mbao zilizopata joto. Tulikula githeri tukiwa tumebanana ukutani, mtu asije akagonga sanduku.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa fundi wa laini, mtu wa Murang'a aliyeishi peke yake. Jumamosi, akishaanika ovaroli, alitukalisha watoto kando ya mfereji wa maji wa mtaa, akashika mpira wa maji na kutueleza stima kwa mfano wa maji. Stima huzaliwa pale maji yanapoanguka, alisema. Maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha sumaku katikati ya waya za shaba, na zile waya zinaamka. Lakini safari ni ndefu. Ikitembea bila presha itamalizikia njiani, ikipasha waya joto la bure. Kwa hivyo transfoma inaipandisha presha, halafu ndiyo inakimbia juu ya milingoti. Ikikaribia mjini inashushwa. Mtaani inashushwa tena na ile transfoma ya kwenye posti, na kutoka hapo zinagawanyika waya tatu. Kila waya ni fezi, na kila fezi ina nyumba zake.

Nyanya alikuwa anachambua maharagwe, sikio huku.

“Kwa hivyo miaka yote ilipita juu ya boma langu, na haikuweza kudondosha hata tone?”

“Shosho,” fundi akamjibu, maana kwao nyanya huitwa hivyo, “ile bila transfoma ingekuchoma wewe na boma.”

“Basi lete hiyo transfoma, uwache domo.”

Fundi alicheka mpaka akamwaga maji. Lakini kupanda posti alikuwa ameacha, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Mwenzake alikuwa amekufa kazini, upande wa viwandani karibu na Mukuru. Laini ilikuwa imezimwa, wakaamini imekufa, kumbe kuna kiwanda kimewasha jenereta bila kujitenga na laini, na stima ikarudi kinyumenyume hadi mikononi mwake. Tangu hapo jirani aliomba kufanya kazi stoo, akawa anagawa nati na waya.

Sasa, ikafika asubuhi moja ya Julai, baridi ya kupasua midomo, balbu ya sanduku ikazima. Mayai yalikuwa yamebakisha siku tatu yaanguliwe. Nyumba za nyuma yetu redio zilikuwa zinaimba. Ni fezi yetu iliyopotea. Kuyahamisha nyanya alikataa kabisa, yai la siku za mwisho halitikiswi. Akayafunika kwa leso, akaweka chupa ya maji moto, akaenda kumgongea jirani.

“Hiyo ni fyuzi ya kwenye posti imeungua,” jirani akasema. “Ngojeni gari la kampuni.”

“Litakuja lini?”

“Leo. Ama kesho.”

“Kifaranga hajui kesho. Wewe uko na mikono.”

Akaiangalia hiyo mikono. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkanda wake wa kupandia.

Na mimi nikaona nisaidie. Baba alikuwa na waya mrefu wenye plagi upande mmoja. Nikafunga plagi nyingine upande wa pili, nikampitishia mama wa nyumba ya nyuma dirishani, akachomeka bila kuuliza. Ningefunga balbu tu kwenye ule waya, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilitaka kuwapa watu wote wa mstari wetu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba stima ni maji, na kama maji yanatoka kwenye tundu la ukutani, basi kwenye tundu hilohilo unaweza kumimina. Nikachomeka upande wangu kwenye soketi yetu. Balbu ya sanduku ikawaka nyekundu, hafifu, kama ncha ya sigara. Nikatoka mbio kuwaambia.

Jirani alikuwa juu. Kabla ya kugusa waya alitoa taa yake ya kupimia, na ile taa ikawaka upande wa nyumba zetu, ambako hapakupaswa kuwa na stima. Kisha akashuka, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Macho yake yakafuata waya kutoka kwenye posti hadi paa letu. Akapita katikati ya watu waliokuwa wamekusanyika, akaufuata waya wangu hadi nyumba ya nyuma, akachomoa plagi, akarudi na kuukata waya wangu vipande kwa koleo.

“Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilimimina.”

Nyanya alimpa chai, haikunyweka. Halafu jirani akapanda tena. Akapima, akapima mara ya pili, akatia fyuzi. Balbu ikawaka nyeupe. Vifaranga tisa walianguliwa wiki hiyo, na kizazi chao kilipekua mitaro ya Jericho kwa miaka. Siku hizi sijui wako wapi. Wale watoto wa mferejini tumetawanyika, na stima sasa watu wanainunua kwa namba zinazokuja kwenye simu. Hakuna anayewaeleza watoto inatoka wapi.

Aliposhuka, alifungua mkanda na kuuweka juu ya kizingiti chetu. Hakuniangalia. Alimwangalia nyanya.

“Shosho, ni mimi nilimfundisha mtoto hivyo?”

“Si wewe,” nyanya akasema.

Nyanya, mtu wa kijijini, alimaanisha hapana. Lakini kwetu Jericho ukimwambia mtu “si wewe”, unamwambia ni yeye, nani mwingine. Nilikuwa nimesimama katikati yao, nikiijua maana ya kule na ya huku, na sikufungua mdomo.

Jirani akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa. Akachukua koti lake kwenye kamba, akapita sokoni, akakata kona kwenye duka la makaa, na hatukumwona tena.