Kitandiko cha Santuri ya Mama

Wiki iliyopita binti yangu, anayeishi Kinshasa, alinunua kinanda cha santuri, cha zamani lakini kizima, akanipigia simu. "Mama, ile kitandiko ya kuweka chini ya disque, nikamate ya mpira, ya sufi, ao ya ngozi?" Nikamjibu palepale: ya ngozi, nyembamba, na upande wa nyama ukae juu. Akacheka, akaniuliza nimejulia wapi mambo hayo. Simu ikakatika kabla sijamweleza, kwa hiyo acha nikueleze wewe.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Mangobo. Mama yetu alikuwa akiimba katika kwaya ya parokia, na mara moja tu katika maisha yake kwaya hiyo ilirekodiwa kwenye santuri ndogo. Katika wimbo wa pili kulikuwa na ubeti alioimba peke yake. Mama alifariki wakati mdogo wangu wa kike akiwa bado ananyonya. Papa, baba yetu, hakuwa na picha ya mama iliyofanana naye. Alikuwa na ule ubeti. Kila Jumapili baada ya misa, lituma, ndizi zetu za kuponda, ikitwangwa uani na harufu ya samaki wa moshi ikiingia hadi sebuleni, aliupiga mara moja tu, kisha akairudisha santuri katika bahasha yake. "Sauti nayo inachoka," alikuwa akisema.

Jumamosi moja nikataka kumfurahisha. Nikatoa kitandiko cha mpira kinacholaliwa na santuri, nikakisugua kwa sabuni, nikakianika juu ya bati. Jua likakikunja kikawa kama ganda la ndizi kavu. Papa aliporudi alinikuta nyuma ya mlango.

"Bon, usilie," akasema. "Ulitaka kusafisha tu."

Hakunipiga, hata sauti hakuipandisha. Lakini alipoiweka santuri juu ya chuma kitupu, iliteleza, na sauti ya mama ikaburuzika, nzito, kama ya mtu mwingine. Papa akazima upesi, akatoka nje. Na wiki hiyohiyo ikaja habari kutoka Yanonge: koko, bibi yetu mzaa mama, anapanda mto kuja kutuona. Tangu mazishi hakuwa amefika kwetu. Ule ubeti hakuwahi kuusikia.

Tukaanza kujaribu vitandiko vingine, papa na mimi, kwa santuri ya dansi iliyokwisha kukwaruzika. Tulikata kwanza mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Ulishika vizuri, ila haukukubali kulala. Sindano ikapanda na kushuka kama pirogi penye maji makali. Tukakata blanketi la zamani. Hilo lilinata chini ya santuri na kujaza sindano nyuzi. Siku zilikuwa zinakwisha, na mimi nilikuwa siwezi kula.

Jirani yetu fundi viatu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyetuita kibandani kwake.

"Donc, munatafuta kitu yenye haiteleze, haina mukunjo, na haipandishe disque juu," akasema. "Hii iko ya mbuzi. Shika."

Ilikuwa laini kama sikio la mtoto. Nikachora mviringo kwa kufuata ukingo wa santuri mbovu, nikakata mwenyewe kwa kisu chake, naye akatoboa katikati kwa msumari wa moto.

Koko alifika na kikapu cha samaki, akakaa kwenye kiti bila kuvua kitambaa cha kichwani. Papa akashusha sindano. Ngozi ilikuwa imemeza mngurumo wa mota tuliouzoea miaka yote, na kabla ya ubeti wa mama kukawa na kimya tusichokijua. Koko akainua mkono.

"Anavuta pumuzi. Mulisikia? Mutoto wangu anavuta pumuzi."

Papa hakuwahi kuisikia. Akairudisha sindano nyuma, yeye aliyekuwa hapigi mara mbili, akairudisha tena, na machozi yakimtoka hadharani. Koko akauliza nani aliyekata ile ngozi. Nikasema ni mimi, na kwamba ni mimi pia niliyeharibu kile kitandiko cha kwanza. Akanivuta mapajani, mkubwa nilivyokuwa.

"Basi, ni weye uliniletea yeye," akasema.

Ilikuwa mara yake ya mwisho kuja. Miaka ya vita iliikuta nyumba yetu kama nyumba nyingine. Tulikimbia na sufuria na nguo, na tuliporudi kinanda na santuri havikuwepo. Papa naye ameshatangulia. Mimi na mdogo wangu tukikutana, tunauimba ule ubeti, kila mmoja kwa namna yake. Yeye anapandisha sauti mwishoni, mimi naishusha. Tunabishana, tunacheka, halafu tunauanza upya, maana hakuna tena wa kumuuliza mama aliumaliza vipi.