Krismasi Baba Aliposhika Mwiko

Desemba hapa Mbeya, mvua ikishashika, matunda ya mafyulisi hujaa sokoni, yamerundikwa kwenye ndoo, upande mmoja mekundu na upande mwingine ya njano. Nikiyachemsha na sukari, tangawizi na mchaichai, harufu ikianza kupanda, mimi hutoka nje kidogo. Nawaambia wanangu moshi umeniingia machoni. Tunapikia gesi, lakini watoto wangu wana adabu, hawaniulizi.

Kwetu ni Iringa, kule juu kwenye baridi, ambako Krismasi huja na ukungu na matope. Mfyulisi wetu ulisimama nyuma ya jiko, na chini yake ilikuwa bustani ya mama: giligilani, mnanaa, vitunguu vya majani, na mstari wa mchaichai uliozuia udongo usiondoke na mvua. Jiko lile lilikuwa lake peke yake. Shangazi zangu wakija sikukuu walikaa sebuleni kama wageni wa serikali, maana yeyote aliyegusa sufuria alinyang'anywa mwiko papo hapo. Hata mimi, binti yake mkubwa, niliishia kumenya na kuosha vyombo. "Chungu hakitaki mikono miwili," alikuwa akisema.

Baba alikuwa seremala, Mhehe wa kwelikweli. Jikoni aliingia kutafuta kiberiti tu, na alikohoa kwanza mlangoni kama anayebisha hodi kwa watu.

Mwaka ule mama alikuwa amekonda. Alikwenda hospitali mjini na kurudi na mfuko wa vidonge, nasi tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Kazi zake alikuwa bado akizifanya. Siku moja kabla ya Krismasi alilima asubuhi, akachuma mafyulisi, kisha akaweka kigoda mlangoni pa jiko, akaketi.

"Baba Neema, njoo," aliita. "Leo unapika wewe."

Mimi na mdogo wangu Festo tuliangua kicheko. Baba hakucheka. Alimtazama mama kwa muda, akavua koti lake la kazi, akanawa mikono.

Jamani, ilikuwa sinema. Alitumwa mchaichai, akarudi na mzigo wa majani tuliyopandia ng'ombe. Mama alicheka mpaka akashika tumbo. "Unatupikia sisi au ng'ombe? Jani lifikiche kwanza, ulinuse. Lisiponukia, mpelekee mwenyewe zizini." Baba akarudi bustanini, akawa anafikicha na kunusa kila kilichoota. Mafyulisi yakaungua chini. Wali wa pilau ukawa bokoboko. Chapati zikatoka na kona, naye kwa useremala wake akachukua kisu, akaanza kuzichonga kingo ziwe duara. Mama alikuwa ameshika kigoda chake kwa mikono yote miwili, huku na huku, kama mtu aliye juu ya lori. "Punguza moto," alisema tu. "Geuza. Geuza tena."

Mama Tuli, jirani yetu, alikuja kuazima chekeche akabaki mdomo wazi.

"Samaki hukunjwa angali mbichi, Mama Neema. Huyu ameshakauka! Si umfundishe binti?"

"Binti ana shule," mama alijibu.

Kabla jua halijazama kijiji kizima kilijua kwamba baba amelishwa limbwata. Kesho yake kanisani wanaume walimpisha kwenye benchi kwa heshima ya kejeli. Mimi niliona aibu mpaka nikaomba kwenda kukaa na kwaya.

Mama alifariki mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele. Sitayasema mengi ya siku zile. Nakumbuka mvua, na viatu vya watu vimejaa kibarazani.

Tulipokwisha kuanua matanga, ukoo ukakaa. Shangazi mkubwa alikuwa amekwisha kufunga nguo za Festo kwenye mfuko wake. Mimi nilikuwa niende Makambako, kwa shangazi mdogo. Hakukuwa na ubaya katika hilo. Ndivyo ilivyofanyika kwa wote waliofiwa na mama zao.

"Mwanaume hawezi kulea peke yake, kaka," shangazi mkubwa alisema. "Hawa watakula nini?"

Baba aliinuka, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona ameinama kwenye mvua, amechuma jani, analifikicha, analinusa. Kisha akaingia jikoni, bila kukohoa.

Alirudi na chai ya mchaichai, chapati, na chupa ya mwisho ya mafyulisi yale yaliyoungua. Chapati zilikuwa bado na kona. Akamnawisha maji kila mtu, akakaa. Shangazi alimega, akatafuna polepole.

"Nani kakufundisha?"

"Mwenye jiko," baba alisema.

Shangazi akaweka chapati chini, akalia kuliko alivyolia makaburini. Alipomaliza, alifungua mfuko wake, akatoa nguo za Festo moja moja, akamrudishia. Tulikulia pale pale, wote wawili, kwa wali wa bokoboko ambao mwaka hadi mwaka ulizidi kuchambuka.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tulitazama na hatukuona. Baba alijua siku ile ile, alipokuwa akivua koti. Mimi nilielewa ukubwani, siku binti yangu aliponiomba mwiko nami mkono ukakataa kuuachia. Hapo ndipo nilipomwona mama upya: Krismasi yake ya mwisho, chakula chake kinaharibika mbele ya macho yake, miguu bado ina nguvu, naye ameng'ang'ania kigoda asiinuke kukiokoa.

Sisi tulidhani anapumzika.