Mwanafunzi Mwenzangu wa Mwambani Machochwe

Kabla hujanicheka, nisikilize mpaka mwisho. Sinywi pombe, sivuti chochote, na kazi yangu ni kufundisha hesabu, kwa hiyo mambo ya mizimu nilikuwa nawaachia wengine. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena yupo mtu mwingine aliyeyasikia kwa masikio yake. Yuko hai, na elimu yake ni kubwa kuliko yangu.

Nilihamishiwa sekondari moja ya Machochwe kutoka Tarime mjini. Mwaka uliofuata nikajiunga na shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, ile ya kuhudhuria vipindi na kufanya mitihani. Chuo kiko mbali, ila sisi tulio kazini tuliruhusiwa kufuata vipindi kwa mtandao, tukawa tunasafiri wakati wa mitihani tu. Kipindi kilianza saa kumi jioni. Shida ni kwamba nyumbani kwangu mtandao haukushika. Ulishika juu ya mwamba ulio nyuma ya shule, upande wa hifadhi ya wanyama inayopakana na kijiji. Basi kila jioni nabeba laptop yangu, napanda, nakaa huko peke yangu mpaka jua linazama. Likizama ni lazima ushuke, maana ndiyo saa ya tembo kutoka hifadhini kuja kwenye mahindi.

Unaujua upweke wa kusoma kitu ambacho hakuna mtu karibu yako anayekijua? Walimu wenzangu walikuwa watu wazuri, ila kila mmoja ana familia yake na ng'ombe wake. Nikisema nimekwama kwenye programu, wananiambia, "Pole, izime uiwashe." Mama Robi tu, mpishi wa shule, ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimekula. Siku za likizo niliweza kumaliza wiki nzima sijasikia sauti yangu, isipokuwa nikijibu mahudhurio darasani mtandaoni.

Muhula wa pili somo la algorithimu likanishinda. Jioni moja ya masika kipindi kimeisha, nimebaki natazama swali: kuna vijiji kadhaa na barabara zake, andika hatua ambazo kompyuta itafuata kupata njia fupi kuliko zote. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Umeanza vibaya, mwalimu."

Nikageuka. Kijana wa miaka thelathini hivi, sweta la bluu, daftari kwapani. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi yetu ya Kikurya. Akasema anaitwa Marwa, kwao Itiryo, na yeye pia anasoma shahada hiyo hiyo. Nilifurahi mno, sikuuliza hata kapandia wapi.

Akachuchumaa, akaokota kokoto, akazipanga juu ya mwamba. "Hii Machochwe. Hii Mugumu. Hii Nyangoto, hii Tarime. Usikimbilie kuamua njia nzima. Angalia kwanza vijiji vilivyo jirani na hapo ulipo, chagua cha karibu, halafu uliza tena." Niamini, jambo lililonitesa wiki tatu likanyooka kwa dakika kumi. Kokoto moja aliiweka pembeni kabisa. Nikamuuliza hiyo ni wapi.

"Hapo ndipo ninapokaa," akasema. "Hakuna njia inayofika."

Nilidhani ni utani wa watu wa kompyuta. Nikacheka.

Kuanzia hapo alikuja karibu kila jioni. Tulibishana, tulichekana, tulisahihishana. Kila mara kabla ya kuondoka aliniuliza, "Mtihani wa mwisho ni tarehe ngapi?" Namtajia, anaitikia, kesho anauliza tena. Na akiondoka anashuka upande wa hifadhini, ambako hakuna nyumba hata moja. Hilo niliona. Kwa nini sikuuliza? Nitakueleza ukweli: niliogopa jibu litanirudisha kwenye upweke wangu.

Siku moja Marwa aliwahi kufika, kipindi hakijaisha. Tukawa tunanong'ona kuhusu zoezi, kumbe nimesahau kuzima kipaza sauti cha laptop. Mwalimu wetu, mzee tuliyemwita Dokta, akanyamaza katikati ya sentensi. Halafu akasema kipindi kimeishia hapo. Nilipoinua macho, Marwa hayupo.

Simu ikaita kabla sijafunga begi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Huyo uliyekuwa unaongea naye ni nani?"

"Ni Marwa, Dokta. Mwanafunzi mwenzangu."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Marwa wa Itiryo?"

"Ndiyo. Unamfahamu?"

"Nilimfundisha. Alikuwa mwalimu hapo hapo shuleni kwenu. Aliniomba nimwahirishie mtihani wa mwisho, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Nikamwambia chuo hakina mtihani wa mtu mmoja. Akatoka na pikipiki. Maji yakamchukua akivuka mto wa hapo kwenu. Mimi nimemzika, mwanangu. Nimesimama kaburini kwake Itiryo." Mzee akaanza kulia kwenye simu, mtu mzima kabisa. "Ile sauti naijua. Ukimwona tena, mwambie nilikosea. Mwambie anisamehe."

Nilishuka mwamba ule nikikimbia. Usiku wote niliacha taa inawaka.

Sasa utaniuliza, ulirudi? Nilirudi. Nilikaa siku nne ndani, nikashindwa. Nilikuwa na ujumbe wa mzee, ndiyo, lakini pia nilikuwa nimemkumbuka rafiki yangu.

Nilimkuta amekaa anatazama barabara. Nikamwambia kama nilivyotumwa. "Dokta anasema alikosea. Anaomba umsamehe."

Alinitazama kwa upole sana. "Mtihani ni tarehe ngapi?"

"Marwa, umenisikia?"

"Nimesikia. Nisindikize nyumbani nikachukue kitambulisho. Hawaniruhusu kuingia kwenye mtihani bila kitambulisho. Siyo mbali."

Akatangulia, nami nikamfuata. Sikuburutwa, sikurogwa macho. Nilitembea kwa miguu yangu, tunaongea kama siku zote, nacheka kabisa. Nikiwa naye sikuona kama jua limezama.

"Mwalimu! We mwalimu! Unaenda wapi huko?"

Ilikuwa sauti ya Mama Robi, kali. Nikageuka. Alikuwa pembeni mwa shamba lake na tochi, ametoka kufukuza tembo, anapiga debe kwa fimbo. Nilipogeuka tena mbele, Marwa hayupo. Mbele yangu ulikuwa mto umejaa, maji ya tope yanapita kwa kasi, na mimi nimesimama ndani yake, yamenifika magotini. Sikuwa nimehisi ubaridi hata kidogo.

Mama Robi alinikamata mkono akanivuta hadi kwake. "Nimekuona unaongea peke yako, unacheka," alisema akinipa uji. Nilipomtajia jina, akaweka kikombe chini. "Mwalimu Marwa alikuwa hana mtu hapa. Alikuwa mpole. Alisoma, alisoma, basi."

Niliugua wiki mbili. Nilipopona, mimi na Dokta tulikwenda Itiryo kwa wazazi wa Marwa. Dokta alipiga magoti mbele ya mama wa Marwa na kusema yote. Mama yule alimshika kichwa, akamwambia ainuke. Tangu siku hiyo sikumwona Marwa tena.

Shahada nimeimaliza, na nimehama Machochwe. Lakini miguu yangu, kuanzia magotini kwenda chini, imebaki baridi. Hospitali wamepima, hawaoni kitu. Mchana wa jua kali navaa soksi mbili. Na rekodi ya kipindi kile alichokikatisha Dokta ninayo. Ukiisikiliza, utanisikia mimi peke yangu: nauliza, nanyamaza, nacheka. Dokta anaapa alimsikia. Mimi najua nilimsikia.

Mpaka leo sijui kama alitaka kuniua au alitaka tu mtu wa kwenda naye.

Kwa hiyo wewe unayesoma peke yako huko ulikopangiwa, nakuomba: tafuta mtu aliye hai ukae naye jioni, hata kama haelewi neno moja la unachosoma. Mwache akwambie uizime uiwashe. Na akitokea mtu anayekuelewa kuliko wote, kabla hujafurahi, muulize anaishi wapi. Akikuonyesha upande usio na nyumba, usimsindikize. Mimi nilimsindikiza, na kusema kweli, siku nyingine jioni bado natamani angekuja.